Blanketi Zito, na Gunia la Maharagwe

Mjukuu wangu Muhonja,

Hapa Isecheno tuko salama, na mamako anawasalimu wewe na kile kichanga chako. Uliniuliza kama blanketi zito, lile lililoshonewa vitu vizito ndani, litakuletea usingizi. Litakuletea, lakini mimi naliogopa.

Nikiwa msichana nililala kwa nyanya yangu, kando ya msitu. Upepo ukikwaruza mlango, nilidhani ni mchawi anayekimbia usiku. Nyanya akanilaza chini ya gunia lenye maharagwe kidogo, nikatulia kama nimekumbatiwa. Kesho yake nikaongeza maharagwe kwa siri, ili hofu iishe kabisa. Nikaamka siwezi kuinua mkono. Nikajua mchawi ameshaingia na kunikalia kifuani. Kuita, sauti haitoki. Nyanya alipoliondoa lile gunia alinigombeza: “Jifunike kitu unachoweza kutupa mwenyewe!”

Basi ukienda dukani kununua blanketi hilo, lala chini yake kwanza, ulitupe kwa mkono mmoja. Likikushinda, liache hapo hapo.

Na mtoto, nakusihi, usimfunike nalo hata kwa dakika. Mimi nilikuwa msichana wa kubeba kuni, na bado nilishindwa.

Nyanya yako