Zamu ya Uwanjani

Shangazi Kerttu,

Nakuomba usimwonyeshe mtu barua hii, hata mjomba.

Ulipokuwa mwalimu mkuu hapa, kila mapumziko ulisimama uwanjani mwenyewe, theluji imejaa kofiani, nasi watoto tukikutania, "Bibi Barafu, utayeyuka lini?" Ukatujibu, "Mkishajua hesabu zote!"

Jumanne, Helmi wa darasa la pili aliteleza akavunjika mkono. Uwanjani hapakuwa na mwalimu hata mmoja. Zamu ilikuwa ya mkuu mpya, naye alikuwa ndani anakunywa kahawa. Ameniambia, "Jalmari, wewe karani tu. Andika nilikuwepo."

Sijaandika. Kesho wazazi wa Helmi wanakuja, nami nitawaambia ukweli, ingawa naogopa.

Usinipigie ofisini, huenda nisiwepo huko tena. Niandikie kwa mama, Kuopio.

Jalmari