Waya mmoja na jina la Tumaini

Jumamosi, Mabibo. Mvua imeshinda ikinyesha, na mie nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Wiki iliyopita mwalimu Tumaini aliniletea kamera ya mkanda ya marehemu mjomba wake. Ndani mna harusi ya ndugu yao mmoja, na mama yake Tumaini alihudhuria. Mama huyo alikuwa kiziwi, akafariki Tumaini akiwa na miaka minne.

"Alikuwa ananiita jina langu kwa mkono," aliniambia. "Ile ishara nimeisahau, na nyumbani hakuna anayeikumbuka."

Kioo cha kamera kimekufa. Tundu la kuunganishia tivii limevunjika. Limebaki tundu dogo la FireWire, ule waya wa zamani wa kuhamishia video, na kompyuta yangu mpya haina tundu la namna hiyo. Nakiri, nilishajiandaa kumwambia haiwezekani.

Leo mie na Tumaini tumeenda Temeke kwa Mama Rehema, fundi ambaye hajawahi kutupa kompyuta ya zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huo waya usiulazimishe, una upande wake."

Akauchukua mwenyewe, akaiunganisha kamera na kompyuta yake moja ya zamani. Kompyuta ikaitambua kamera papo hapo. Nikabonyeza kitufe cha kucheza kwenye kompyuta, na mkanda ndani ya kamera ukaanza kuzunguka!

Nilibaki mdomo wazi. Waya mwembamba vile, na humo humo inapita picha, inapita sauti, inapita na amri ya kuiendesha kamera, bila kitu kukwama. Waliobuni hii kitu walikaa chini wakafikiri.

Keki ikakatwa, wageni wakacheza. Kisha mpiga picha akageuza kamera pembeni, na hapo akaonekana mwanamke mwenye gauni la kijani. Akapunga mkono kuelekea chini ya meza, halafu akagusa shavu kwa vidole viwili, mara mbili. Mtoto akatoka humo mbio, akamkimbilia.

Tumaini aliinua mkono wake, akagusa shavu. Mara mbili.

Mama Rehema akarudisha mkanda nyuma bila kuombwa.

Kipande chenyewe hakifiki sekunde kumi. Bwana harusi hayumo, bibi harusi hayumo, kamera inatikisika. Miaka yote hii vipande vya namna hiyo ndivyo ninavyoanza kuvifuta.

Jumatatu nina harusi ya watu wa Ubungo ya kuhariri. Sifuti kitu mpaka wenyewe waje watazame.