Selotepu Nene Uliyoibandika Nikiwa Matangani

Baba Nekesa,

Miaka mitatu iliyopita, wiki tuliyomzika mama yangu Sirisia, nilipoteza jina langu la uchapishaji hapa Kitale. Wewe ndiwe uliyelipoteza.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe unashika silinda, mimi naibandika pleti ya mpira yenye picha juu yake kwa selotepu ya pande mbili, tunabishana hadi chai inapoa. "Ati unapima hata selotepu? Si ni kama kufunga zawadi, bana," ulikuwa ukinicheka. Nikakueleza, nawe ukaitikia kwa kichwa. Selotepu ikizidi unene kwa robo milimita, imezidi huku na huku kwa silinda, hiyo ni nusu. Zidisha kwa tatu na ushee upate mzunguko. Kila picha inatoka ndefu kwa milimita moja na nusu, na mashine ya mteja ya kukata pakiti haijui. Inakata palepale ilipozoea.

Nilirudi kutoka Sirisia nikamkuta mwenye kinu, mteja wetu mkubwa, ameketi dukani na karatasi za pakiti za unga ulizomchapia nikiwa matangani. Ya kwanza ilikuwa safi. Kufika ya ishirini, picha imesogea sentimita tatu, yule mama wa pichani anayesonga ugali amekatwa kichwa na kichwa chenyewe kiko chini ya miguu yake.

"Vipimo ni vyake, mzee," ulimwambia nikisikia. "Mwanamke akiwa na msiba hesabu zinamtoka."

Nikaomba msamaha, leso ya matanga bado kichwani. Wateja walikufuata Bungoma ulipofungua duka lako, nami nikabaki na mashine nzee, nikiuogopa mkono wangu mwenyewe.

Wiki jana niliibandua pleti ile, iliyobaki kwenye silinda tangu siku hiyo. Chini yake kuna selotepu nene. Yangu nyembamba, niliyoipima nikakuachia uibandike, nimeipata nyuma ya rafu, haijafunguliwa. Dukani ulikuwa peke yako.

Silii. Nimebandika kipande cha selotepu yako mlangoni kando ya pakiti ya ishirini. Anayeuliza namweleza, na jina lako nalitaja lote.

Sasa mwenye kinu mwingine, wa Misikhu, anatafuta mchapishaji, na ametuita sote wawili Jumamosi. Nitakuja na selotepu zote mbili, azipapase kwa vidole vyake. Kazi hiyo ninaitaka, na ninataka ukose ukiwa umesimama pale.

Jumamosi hiyo, kabla ya saa sita mchana, mbele yake, nijibu bila kuzunguka: ni nani aliyeibandika?

Aliyekuwa mkeo,
Mama Nekesa