Neno la Kula na Mkono wa Kulisha

Kigoma, Jumapili baada ya misa

Kwako mama mkwe, mama wa Nabintu, Makobola,

Nakusalimu kwa heshima, macho yangu yakiwa chini kama inavyotakiwa. Habari za mwili? Habari za mgongo ule uliokuwa ukikusumbua wakati wa kung'oa mihogo? Habari za shamba, na za kaburi la baba ulilokataa kuliacha? Hapa wenyeji husalimu wakubwa kwa kusema shikamoo. Ulimi wangu bado unakimbilia "jambo, mama," nao wanacheka na kunijibu, "jambo, Mkongo." Mimi ni mzima. Homa ilinishika mvua zilipoanza, kisha ikaniachia. Kazi ninayo, na ninalala penye paa. Mengine nataka kukueleza polepole, maana tangu nimwoe mtoto wako sijapata kusema nawe maneno mengi kuliko haya niliyokwisha kuandika.

Ninapika katika hoteli ndogo ya chakula karibu na stesheni. Mwenyewe ni Mhindi mzee anayeitwa Kanji. Yeye hali samaki wala nyama, lakini ananiacha niwapikie wengine. Reli inaishia hapa na meli zinaanzia hapa, kwa hiyo watu wa kila namna hukaa kwenye mabenchi yetu wakingoja kusafiri. Mimi mgeni sikuweza kujifunza lugha zao. Nimejifunza neno moja tu katika kila lugha, neno la kazi yangu: kula.

Warundi wanasema kurya. Watu wetu waliotoka mlimani wanasema kulya. Wale waliokaa na askari huko chini mtoni, wakashika Kilingala chao, wanasema kolya. Nikiyasikia hayo natulia, kama vile nimeona watoto wa tumbo moja. Lakini wengine! Mgriki anayenunua ndagala, ambao hapa wanaitwa dagaa, anaamrisha watu wake, "Fae, fae!" kama mtu anayefukuza mbwa, kumbe anawakaribisha. Mwarabu wa duka la vitambaa anasema "kul," na mgeni akisema ameshiba, anasema "kul" tena mpaka mgeni anyanyue mkono. Mzee Kanji ana maneno mawili: moja la kula embe au karanga njiani, na jingine la kuketi na kula chakula chenyewe. Saa sita ikifika husimama mlangoni akaita ndugu zake waje mezani, "Chalo, jamva!" Hilo la pili halitumii mtu anapotafuna amesimama.

Kuna padri mmoja mzee, Mdachi, hupita hapa akienda misheni yake. Aliniambia kwao mtu ana neno lake la kula na mnyama ana lake, na ukimwambia mtu lile la mnyama umemtukana. Nikamwambia sisi tunalo moja. Mtu anakula, mbuzi anakula, moto unakula nyumba, mto unakula shamba. Nikamkumbuka yule mzee wa bandarini Kalundu siku bendera mpya ilipopandishwa, alivyoruka akipiga kelele, "Sasa ni zamu yetu kukula!" Halafu vita vikatula sisi. Nikamwuliza padri, "Na vita vikila watu, mnatumia neno lipi?" Akaweka kijiko chini. Akasema, "Lile la mnyama."

Shuleni mwalimu alikuwa anatuimbisha *je mange, tu manges*, ninakula, unakula, kabla ya saa sita, tumbo tupu, darasa zima tunameza mate. Nilifikiri nimekwisha lijua neno hilo. Sasa nalisema asubuhi hadi jioni kwa watu nisiowajua, nao wanaondoka kwa gari-moshi au kwa meli, na benchi linabaki na makombo. Hakuna anayeniambia mimi. Mpishi hula amesimama nyuma ya sufuria, kwa kijiko cha kuonjea. Chumbani kwangu kuna mbabula, jiko la makaa aliloliacha mpangaji aliyenitangulia kabla hajalitumia. Ni safi kama lilivyotoka kwa fundi. Sijaliwasha.

Nabintu asingependa kuniona hivyo. Unajua alivyokuwa. Alikuwa akivitoa vichwa vya ndagala na kuvipanga ukingoni mwa sahani, vyote vikitazama upande mmoja. Ukoko wa bugali aliuficha kwa ajili yake mwenyewe, halafu akaniuliza kama nimeuona. Nikichelewa kutoka kazini alikuwa anafunika chakula changu kwa majani ya mgomba na kuketi karibu nacho, asije akaonekana mwanamke asiyengoja mume.

Habari za kifo chake ulipewa na wavuvi. Nataka uzipate kwangu. Tulipotoka Kalundu alikuwa tayari na homa. Mtumbwi ulijaa watu na magodoro, na tulipopita mbele ya Makobola aliomba tusimame akuone. Wapiga kasia walikataa, kwa sababu risasi zilikuwa zinalia juu ya barabara ya Fizi. Alitazama pwani mpaka ile miti yenu ya michikichi ikawa kama moshi kwa mbali. Nilikuwa na muhogo wa kuchoma. Nikamkatia. Akanirudishia akasema, "Kula weye, minye tumbo imejaa." Halikujaa, mama. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu tulipofunga mlango. Alizimika kwa utulivu, kichwa kikiwa juu ya paja langu, jua likiwa limepanda. Tulimzika kwenye ufuko mdogo wa mchanga chini ya mlima, upande wetu, kabla ya kuvuka. Nimetia mawe, na nitapatambua. Wanaume wa mtumbwi walichimba kwa makasia na waliomba vizuri. Lakini matanga hatukukaa. Walikuwa wananiita, "Tuende, ndugu, tuende," na mimi nikaingia majini nikapanda.

Ndiyo maana mbabula yangu ni baridi. Mzee Kanji alinisema siku moja. "Makaa iko, unga iko, wewe kila siku nakula simama hapa. Kwa nini?" Nikamweleza desturi yetu. Nilimwambia kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hata majina hawatajani, mpaka kifo kitakapoingia kati yao. Hapo ndipo wanapokalishwa mkeka mmoja, mgongo kwa mgongo. Mtu mwingine anapika. Mama anafinyanga tonge na kulipitisha nyuma, mkwe anapokea na kula. Kisha mkwe anafinyanga lake na kumpitishia mama. Hawageuki. Wakimaliza, kila mmoja ana ruhusa ya kuwasha moto wake. Kabla ya hapo, wote wawili ni watu wa kula kwenye moto wa wengine.

Mzee Kanji akasema hata kwao nyumba yenye msiba haipiki, ndugu ndio huleta chakula. Akakuna kidevu. "Lakini ndugu yako iko wapi? Na ile mama, ndugu yake iko wapi? Yeye nangoja wewe, wewe nangoja yeye. Nani taanza?"

Nilikasirika kidogo. Nilidhani wewe ulikwisha kufunguliwa na wazee wa ukoo, kwamba walimkalisha mtu mahali pangu. Sikujua kitu mpaka alipofika Feza.

Feza ndiye anayekusomea, na unamwona, kwa hiyo sina haja ya kukueleza ni mnene au mwembamba. (Feza, usiruke mistari, soma yote.) Ni mke wa mpagazi mmoja wa Kalundu aliyebaki kulinda nyumba yao. Anavuka na vikapu vya ndagala, anarudi na unga na chumvi. Alinikuta nachanja kuni nyuma ya hoteli.

"Weye Kashindi! Uko unapikia bantu bote, na weye mwenyewe umekonda kama mwiko. Iko namna gani?"

"Minye ninakula hapa hapa."

"Kwa bantu. Na kwako?"

Nikainua shoka tena.

"Basi muko wawili," akasema, na kicheko kikamtoka usoni. "Nilipita Makobola. Mama mukwe wako nilimukuta kwa mulango ya jirani, sahani mu mikono, kama muntu anaomba. Jirani mwenyewe iko anafunga mizigo, anakimbia. Nikamwambia, mama, washa moto yako, hii ni vita. Akaniambia, mukwe wangu hajafika bado."

"Na jirani akiisha kwenda?"

"Hiyo njo ninakuuliza weye."

Mama, niliketi juu ya kuni. Nilikuwa nikijihesabu mimi tu kuwa mpweke, huku nikipikia umati. Sikukuona wewe ukizunguka na sahani katika kijiji kinachohama, mlango huu umefungwa, ule umefungwa, na mihogo yako ikiwa shambani, kwa sababu unalinda heshima yangu na ya mtoto wako. Utakonda mpaka lini? Nimempoteza mmoja aliyesema tumbo limejaa.

Kuja mwenyewe siwezi. Mwanamume anayeshuka mtumbwini upande ule huulizwa kwa bunduki. Waasi watasema niliwakimbia, askari wa serikali watasema mimi ni mwasi. Wanawake wenye vikapu bado wanapita. Nikamwambia Feza nilichofikiri: apokee tonge langu hapa kwa niaba yako, kisha avuke akakupe lako kwa mkono huo huo. Akasema, "Wazee watakuuliza tangu lini mukono inatumwa kama furushi." Nikamwambia wazee wenyewe wamekwisha vuka, wako Kigoma wanakula kwenye mabenchi yetu, wakitaka waniulize hapa.

Jana mchana tulifanya uani kwa Mzee Kanji. Mpishi alipaswa kuwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu alikuwa yeye. Nilipika sombe ya majani ya muhogo kwa mawese mapema, bila samaki, ili asinajisike. Bugali aliusonga mwenyewe, jasho likimtoka, akishika mwiko kama jembe. Ukawa na madonge.

"Hii bugali ao kokoto?" Feza akauliza.

"Kula, mama, kula," Mzee Kanji akasema. "Desturi hapana chagua."

Tulitandika mkeka. Feza akaketi mahali pako, akanipa mgongo. Mgongo wake ulipogusa wangu akaanza kucheka. "Unanilisha kama bibi arusi!" Nikamwambia, "Usigeuke. Mama hangegeuka." Akaacha kucheka. Tonge la mama lilikuwa la kwanza kwa haki, lakini mama yuko ng'ambo, basi nilianza mimi. Nikafinyanga, nikachovya kwenye sombe, nikapitisha nyuma, na nikasikia vidole vikipokea. Sikumwona akitafuna. Nilisikia mgongo wake ukitetemeka juu ya wangu, na sikujua kama analia. Tangu mtumbwini hapakuwa na mtu aliyeniegemea. Nikakaa pale muda kuliko desturi inavyotaka, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Mimi sikula. Langu linatoka kwako.

Mama, huenda nimekosea mpango. Mimi ni mtu wa shule kidogo. Lakini nimewatazama watu wa lugha hizi zote, na kila mmoja analiwekea neno hili mipaka yake, huyu wanyama mbali, yule karanga mbali. Sijakuta hata mmoja anayemwambia mwenzake ale kisha akakaa amekunja mikono. Wote mkono unatangulia au unafuata. Ndiyo sababu sikutuma neno peke yake. Mkono uliopokea kwangu ndio utakaotoa kwako.

Nisalimie mdogo wake Nabintu wa kiume, kama amerudi kutoka Kamanyola, na umwambie hili si jambo la kugombana. Nisalimie shangazi yenu anayeuza mawese, kama bado hajahama, na katekista aliyetufungisha ndoa. Msalimie baba pale alipolala. Mwambie mtoto wake yuko kwenye ardhi ya nyumbani, sikumvusha maji.

Kuna neno la mwisho. Barua hii nimemwagiza Feza aifiche nguoni asiitoe. Kwanza aingie uani mwako, aseme jina langu, awashe moto, apike, atandike mkeka na akupe mgongo. Ukikataa tonge, asisome chochote, anirudishie karatasi ilivyo. Kwa hiyo, mama, kama maneno haya yanakufikia, umekwisha kula, na moto unaousikia ni wako.

Sasa finyanga langu, umpe mkononi. Nimekaa huku, mgongo wangu ukiwa umeelekea kwenu.

Mkwe wako,
Kashindi