Jiko Nyuma ya Mlango wa Kijani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako, na za mpwa wako, ambaye muda huu amenilalia begani na kunitiririshia mate shingoni. Sisi wazima, ila usingizi. Usingizi siku hizi unapita mlangoni kwangu kama mtu tuliyegombana naye. Wifi yangu, na wewe nakusalimu, tena ningeanza na wewe, maana najua ndiye unayeisoma barua hii kwa sauti. Sogea dirishani penye mwanga, mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri na leo naandikia mkono mmoja. Nakuomba jambo moja tu: usiruke mahali. Hata ukifika pa kumsema mume wako, soma hivyo hivyo.

Hali yako, kaka? Maumivu yamepungua? Wifi aliniambia daktari amesema presha ya macho imeshafanya kazi yake na kilichoondoka hakirudi. Siku ile nililia, sikufichi. Kisha nikapiga simu, ukasema niambiwe umelala. Kesho yake nikapiga, umelala. Jumapili mchana, umelala. Kaka, mimi nina mtoto mchanga ndani ya nyumba na hakufikii kwa kulala. Ndiyo sababu nimechukua kalamu. Barua haina kitufe cha kukatia.

Habari za huku ni hizi. Cherehani nimeiweka pembeni mpaka mtoto aanze kukaa mwenyewe, kwa hiyo mchana kutwa niko naye, ananyonya, anatapika, ananyonya tena. Shemeji yako bado anatengeneza kompyuta pale dukani. Kuna moja mteja aliiacha akahama mji, haikudaiwa tena, basi akaileta nyumbani na kuiweka juu ya meza ya jikoni, katikati ya nepi na vyombo. Akasema nijiburudishe. Nilimwuliza kwa mkono upi.

Mchana mmoja mtoto amesinzia kwa kunilalia, siwezi kuinuka, nikaandika pale kwenye kompyuta jina la kitabu chetu. Mnara wa Chumvi. Hivi hivi tu, kama mtu anayeita jina la rafiki wa zamani sokoni bila kutegemea ageuke. Kaka, kiligeuka.

Wifi, wewe hukulelewa nyumbani kwetu, ngoja nikueleze. Kilikuwa kitabu kisichosomwa kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Kila kipande kina namba, na anayesafiri ndani yake ni wewe mwenyewe unayesoma. Mwisho wa kipande unaulizwa: ukitaka kupanda ngazi nenda namba hii, ukitaka kumfuata mlinzi nenda namba ile. Ukikutana na adui unarusha kete. Kete yetu mume wako aliichonga kwa kifutio cha shule, ikawa inaangukia upande mmoja tu, na huo upande ndio uliotufaa. Ukichagua vibaya unakufa, unaanza upya. Kwa hiyo watoto wote waliosoma vitabu vile walikuwa na ujanja wa aina moja: kabla ya kufungua ukurasa mpya, unaacha kidole kwenye ule wa zamani, mambo yakiharibika urudi. Kwetu kidole kilikuwa changu. Nilikuwa mdogo, sijui hata herufi, kazi yangu ni kukaa ubavuni kwake na kuchomeka kidole pale anaponionyesha. Ndiyo maana mpaka leo ananiita Kidole, na wewe ulidhani ni kwa sababu ya wembamba.

Basi, kumbe kuna watu waliokipenda kitabu kile utotoni kama sisi, wametawanyika huku na huku, hawajuani kwa sura. Wanakipiga chapa kipande kwa kipande na kukigeuza kuwa mchezo wa kompyuta. Hakuna anayelipwa. Mtunzi, mzee sana sasa, aliwapa ruhusa kwa sharti moja, kwamba neno lake lolote lisiguswe. Mkubwa wao ni mwalimu mstaafu wanayemwita Kalamu Nyekundu, mama mkali, ukimtania anakusahihisha utani. Walikuwa wanatafuta mtu mvumilivu wa kuujaribu mchezo: apite kila njia, hata za kijinga, na aseme wapi umekwama. Nikawaandikia kwamba nina mtoto anayenyonya na mkono mmoja usio na kazi, na njia za kijinga nazijua zote. Kalamu Nyekundu akanijibu kwamba sentensi yangu ilihitaji mkato, ila nimepokelewa.

Shemeji yako naye sikumwacha apumzike. Nilimwambia mchezo huu hauna maana kwangu kama kaka hawezi kuucheza. Akakaa nao, akauwekea sauti. Sasa kompyuta inasoma yenyewe kila kipande, na unachagua njia kwa kugusa vitufe viwili vyenye vinundu, huhitaji kuona kitu. Ile sauti ni mbaya, sikudanganyi, inasoma kama mtu aliyebanwa kwenye mlango wa basi. Lakini inasoma.

Nisubiri kidogo, ameamka.

Nimerudi. Alikuwa ameshika ile karatasi ya kwanza, kona moja ameila. Wifi, neno likikosekana pale juu, lipo tumboni mwa mpwa wenu.

Sasa sikiliza, kaka. Nilijaribu njia nyingi, nikaripoti makosa madogo madogo, wakanisifu. Halafu nikafika kwenye ukumbi wa milango. Unaukumbuka? Mlango mweusi, mlango wa shaba, mlango wa kijani. Mimi bila kufikiri nikachagua wa kijani, kwa kuwa mimi na wewe tulichagua wa kijani daima. Nyuma yake kuna jiko la mwokaji. Mwanamke mnene, mikono imejaa unga, anakukalisha karibu na tanuri, anakupa mkate wa moto na kukuuliza swali, kisha anakuonyesha ngazi nyembamba nyuma ya magunia inayokutoa uani. Jiko lile nalijua kuliko jiko langu hili. Najua mbao zilivyolia. Najua alivyokung'uta mikono.

Mchezo ukasema nimekufa.

Nikaandika ripoti, tena kwa kujiamini: hapa kuna kosa, mlango wa kijani unaua badala ya kukufikisha jikoni. Wakaniuliza jiko lipi. Nikawaeleza. Mmoja akasema labda nilichanganya na kitabu kingine, mwingine akasema labda nilikuwa na njaa. Nikakasirika. Niliwaambia nimekua na jiko lile, wasinifundishe. Kalamu Nyekundu akasema hakuna jiko katika Mnara wa Chumvi, hakuna mwokaji, hakuna hata kipande cha mkate. Nikamjibu vibaya, kaka. Nilimwambia kama amezeeka na kusahau, aseme tu, si aibu. Shemeji yako alikuwa anasoma nyuma yangu, akaondoka taratibu kwenda kuanika nguo.

Kalamu Nyekundu hakunitukana. Alinitumia picha ya ukurasa wenyewe, wa kitabu chake cha utotoni, una doa la chai. Mara yangu ya kwanza kuuona ukurasa ule nikiwa najua kusoma. Chetu, unakumbuka, kiliazimwa na jirani kikahama naye. Wifi, soma hapa polepole. Ulikuwa umeandikwa hivi: "Mlango unajifunga nyuma yako. Giza tupu. Unapapasa ukuta, hakuna njia. Safari yako imekwisha hapa."

Basi. Hakuna zaidi.

Nilikaa na ile picha mpaka mtoto akalia. Maneno ya mwanzo niliyajua, kaka. Ulikuwa unayasoma hivyo hivyo, kwa ile sauti yako ya kunitisha: mlango unajifunga nyuma yako, giza tupu. Kisha ulinyamaza. Nakumbuka ulinyamaza, nikadhani unatafuta mstari. Halafu ukasema, "Lakini humo gizani unasikia harufu ya mkate."

Mwaka ule baba alikuwa ametutoka. Mama yuko zamu, sisi wawili tumefungiwa ndani tusizurure. Nimejaribu kukumbuka kwa nini siku ile hatukurudi nyuma kama kawaida, na nimepata jibu. Nzi alitua puani kwangu. Nilichomoa kidole kumfukuza. Hukuwa na pa kurudi, na ubavuni una mtoto aliyekuwa anauliza kila asubuhi kufa kunaisha lini. Ndipo ukanipikia.

Na sasa naelewa mengine. Katika utoto wetu wote mimi na wewe hatukuwahi kufa hata mara moja. Nilikuwa najisifu shuleni! Nilidhani sisi ni hodari. Ulikuwa unasoma kimoyomoyo, unakohoa, unasema njia hii imefungwa kwa matengenezo, Kidole, turudi. Na lile jiko, kwa kuwa nililidai kila siku, ilikubidi ulikumbuke lilivyo, magunia yale yale, mikono ile ile, mwanamke yule yule. Ulikuwa mtoto mwenyewe. Wewe nani alikupikia?

Niliwaandikia wale watu kuwaomba radhi, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe. Kisha yule aliyesema nilikuwa na njaa akaandika kwamba yeye utotoni alikufa kwenye mlango ule akakitupa kitabu chini ya kitanda, hakukigusa mwaka mzima. Kalamu Nyekundu yeye aliandika mstari mmoja, wenye makosa ya herufi, na hakuyasahihisha. Nikajua analia.

Lakini sheria ni sheria, neno la mtunzi haliguswi. Kwa hiyo yule mama alimwandikia mzee mwenyewe. Na mzee amejibu. Amesema mlango wake ubaki unavyoua, aliuandika akiwa kijana mwenye hasira na anausimamia. Ila ameruhusu pawe na njia ya pili humo humo gizani: atakayesubiri bila kupapasa ukuta, asikie harufu ya mkate. Ametoa sharti: jiko limalizwe na aliyelijenga, si mtu mwingine.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwa sababu jiko naweza kulieleza mimi, na mwokaji pia. Yale maswali siwezi. Kila tulipoingia alikuwa na swali jipya kabla ya kufungua ngazi, na mimi nimeshika moja tu, lile la nani anaamka kabla ya jogoo. Mengine yako kichwani mwako, na hayahitaji macho kuyasoma.

Sasa kaka, jambo lililonifanya niandike barua ndefu hivi ni hili, nami nakuomba ulisikilize mpaka mwisho. Nimewaambia umekubali. Sikukuuliza. Nimewaambia kwamba kaka yangu, aliyekuwa akiendesha gari la shule na kuwasimulia wale watoto mpaka wakawa hawataki kushuka, ataleta maswali ya mwokaji, na kwamba atayasema kwa sauti yake mwenyewe, siyo ile ya aliyebanwa mlangoni. Wamefurahi mno. Kalamu Nyekundu tayari ameandika jina lako kwenye ukurasa wa mwanzo, chini ya jina la mzee. Shemeji yako anakuja huko Jumamosi na kompyuta na kinasa sauti, tikiti ameshakata. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Wifi aliniambia unachosema unapoamshwa asubuhi. Unasema, niacheni, mimi nimekwisha. Nimeyaona maneno hayo, kaka. Nimetumiwa picha yake, yana doa la chai. Wewe ndiye uliyekataa kunisomea.

Sisemi kwamba giza si giza. Sijui likoje, na sitajifanya najua kutoka huku kwenye meza yangu ya nepi. Nimechoka mwenyewe, kuna siku naketi sakafuni bafuni ili tu pasiwe na anayenigusa. Lakini mtoto huyu ataanza kuuliza mambo, na mimi sina jiko la kumpikia. Nina la kwako. Nataka amsikie mjomba wake mle ndani.

Namaliza, mkono umekufa ganzi na mwenyewe ameshaanza kunusa titi. Wasalimie watoto. Mwambie fundi wa baiskeli hapo jirani kwamba ile kofia aliyomtumia mtoto imemtosha. Wifi, asante kwa pumzi yako, kunywa maji. Shemeji yako anasema msimwandalie makubwa, ila namjua, andaeni.

Kaka, Jumapili mchana nitapiga simu, na sitaki kuambiwa umelala. Kwa hiyo chagua:

Ukitaka kukubali, pokea simu.

Ukitaka kukataa, pokea simu.

Ni mimi mdogo wako, na safari hii sikichomoi hata nzi aje,

Kidole