Mama Mkwe Alivyosimama Kanisani

Chumba cha Kushonea,
Juu ya Duka la Viatu.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa bado na viatu vya kanisani miguuni, maana nikivivua nitakaa, nikikaa nitasinzia, na haya niliyo nayo siwezi kulala nayo. Goti lako linaendeleaje? Mama ameniambia daktari alikupa dawa ya kuchua na wewe unaipaka pale unapokumbuka tu. Tafadhali ipake. Nakuhitaji na magoti yote mawili, na sababu utaiona sasa hivi. Baba Mdogo naye hajambo? Kile kikohozi chake cha asubuhi kimemwachia?

Sisi huku tu wazima. Mama anaimba jikoni tangu tuliporudi misani, na unajua kuwa yeye haimbi ovyo. Kazi nayo ipo. Msimu wa sare za shule umeanza, sakafu yote imejaa vipande vya kitambaa cha buluu, na Mama Pacha, mwenzangu wa cherehani ya pili, anakusalimu sana.

Haya, vuta kiti ukae. Leo matangazo yetu ya ndoa yamesomwa kwa mara ya tatu, ndiyo ya mwisho! Jumamosi baada ya ijayo naolewa! Mimi, ambaye majirani walishasema nimeolewa na cherehani!

Ila nusura mambo yaende mrama. Mama alikuficha makusudi usije ukakosa usingizi. Sasa yamekwisha, nakusimulia yote.

Mchumba wangu unamjua kwa picha na kwa sauti ya simu, fundi wa majokofu, yule ambaye kila mtu anamwita Barafu, kwa kazi yake na kwa sababu hajawahi kumpandishia mtu sauti. Usiyemjua ni mama yake. Ni mwenyekiti wa akina mama wa parokia, mwanamke mrefu, mwenye kauli, ambaye akikohoa tu kwaya nzima inakaa sawa. Familia zetu zilipokwisha kukubaliana, alikuja hapa na kitambaa cha zambarau nimshonee gauni la harusi. Nilifurahi mno. Nikamsimamisha mbele ya kioo, nikaanza kumpima.

Tepu ilikuwa kiunoni mwake aliponiambia, “Mwanangu, una miaka thelathini na mbili. Na mimi nina huyu mmoja tu. Msingoje harusi.”

Nikadhani anazungumzia habari ya kupanga nyumba. “Tusingoje nini, Mama?”

“Mtoto. Nikisikia umeshika mimba, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Nikisikia kimya, basi tutakuwa tumejua mapema, kabla hamjafungishwa ndoa.”

Tepu ikaniponyoka. Mama Mdogo, huyu ndiye anayetuongoza kwenye rozari! Nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikasikia Mama Pacha ameangusha mkasi. Nikauliza kwa sauti ndogo, na kanisa je? Akajitazama kiooni, akanyoosha ukosi wake.

“Kitubio kiliwekwa kwa kazi gani?”

Nilimaliza kumpima mikono, nikamsindikiza hadi ngazini kwa heshima zote, nikarudi nikakaa juu ya marobota ya kitambaa nisijue nilie au nicheke.

Wewe unajua kwamba mimi na Barafu tuliamua kusubiri. Wala si kwamba sisi ni malaika. Kuna siku mvua ilinifungia chumbani kwake, umeme umekatika, na yeye akaufungua mlango wote, akatoka kusimama kibarazani analowa chapachapa, ananiambia eti anapenda upepo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Na siyo kwamba tunaogopa moto wa jehanamu tu. Mimi nataka nichaguliwe kwanza, mimi mwenyewe, ndipo tupokee pamoja kitakachotoka tumboni mwangu, na kisipotoka tukubali pamoja. Hiyo ya kugongwagongwa kama tikiti maji, watu wasikilize kama limeiva, hapana.

Nilipomweleza Barafu, alikuwa ndani ya jokofu la muuza maziwa, kichwa na mabega. Alitoka taratibu, akanawa mikono kwa sabuni muda mrefu kuliko kawaida.

“Mama kasema hivyo?”

“Kasema hivyo.”

“Nitamjibu,” akasema. “Lakini si kwa kugombana naye sebuleni.”

Sasa nikupeleke kwenye mafundisho ya ndoa. Tunafundishwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa parokia, feni moja, mabenchi yasiyo na mgongo. Wanaotufundisha ni mtu na mkewe. Mke ni nesi mstaafu, mume ni dereva wa lori. Jumamosi hiyo mada ilikuwa kupanga uzazi, na ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Hata Mama Pacha alijidai amekuja kunisindikiza.

Wengi tulidhani tutaambiwa tuzae hadi tuchoke. Nesi akatushangaza. Alisema kupanga idadi ya watoto na nafasi kati yao kunaruhusiwa, tena ni wajibu wa wazazi wenye akili zao. Kanisa linachokataza ni vidonge, sindano, vijiti, mipira, yaani kila kinachoufunga mlango wa uzazi kwa makusudi. Linachofundisha ni kuzisoma dalili za mwili wa mwanamke, na kujizuia siku zile ambazo mimba inaweza kuingia, kama wawili hao hawajawa tayari.

Mama Pacha akanyoosha mkono. “Nesi, mimi nilifuata kalenda. Ikanipa mapacha!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nesi naye alicheka, akapangusa miwani. “Wewe ulifuata kalenda ya ukutani, na kalenda haijui kama ulikuwa na homa au wasiwasi. Mimi nawafundisha kuufuata mwili.”

Mumewe akasimama. “Mimi ni mtu wa barabara. Nikirudi safari naulizia taa. Mama, leo ni nyekundu au kijani? Nikiambiwa nyekundu, nafunga breki.”

“Kazi ya mwanamume ndiyo hiyo tu?” Barafu akauliza.

“Kazi ya mwanamume ni kufunga breki bila kununa. Hapo ndipo penye kazi!”

Basi wanaume walivyoinama kutazama viatu vyao, ungecheka.

Msichana mmoja aliyekuwa na mtoto mapajani aliuliza na wao waliotangulia kuzaa wafanyeje. Paroko, aliyekuwa amekaa pembeni, alimjibu kwamba kosa ni kosa na kitubio kipo wazi, lakini mtoto hana kosa lolote, na wao wako kwenye benchi wanalostahili kukaa. Akamwomba amshike mtoto. Kwa mafundisho yote yaliyobaki, Baba Paroko alitafunwa kola na yule mtoto.

Na mimi niliuliza. Nilimkumbuka yule jirani yetu aliyechanika mfuko wa uzazi akijifungua, daktari akamkataza kabisa kushika mimba nyingine. Mtu kama huyo anaambiwaje? Nesi hakukimbilia kunijibu. Alisema swali hilo humkosesha raha mpaka leo. Humfundisha mama wa namna hiyo kwa uangalifu wa mara mbili, humkalisha mumewe chini na kumwambia kwamba uhai wa mkewe umo mikononi mwake, wala hawadanganyi kuwa ni jambo jepesi. Wapo walioshindwa wakaenda kuchukua vidonge. Anawajua, anawasalimu, anakaa nao benchi moja. Mama Mdogo, jibu hilo halikunitosheleza, nakwambia ukweli, lakini nilimwamini zaidi kwa sababu hakulipaka sukari.

Hapo ndipo Barafu akasimama. Na hapo hapo, kumbe mama yake ameingia kwa mlango wa nyuma na chupa kubwa ya chai, maana akina mama ndio wanaotuletea chai. Mimi nilimwona. Nikamvuta Barafu shati. Hakukaa.

“Nina swali jingine,” akasema, sauti yake ile ile ya upole. “Je, mtu anaruhusiwa kumjaribu mchumba wake kwanza, aone kama anazaa?”

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Nesi alimtazama mumewe, mumewe akaitikia kwa kichwa kama kumwambia sema. “Mimi na huyu dereva hatukupata mtoto,” akasema. “Mnashangaa. Mwalimu wa uzazi, na hana hata mmoja. Tulitibiwa, tulisali, nililia mpaka nikachoka kulia. Kanisa halikutuambia ndoa yetu ni bure. Ugumba si kizuizi cha ndoa. Ningejaribiwa kwanza, ningerudishwa kwetu kama kiatu kisichoenea.”

“Na mimi ningekosa mke,” dereva akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama mkwe aliiweka chupa ya chai juu ya meza, akapanga vikombe vyote, kimoja kimoja, akatoka.

Baada ya hapo, kimya. Hakupokea simu ya Barafu. Gauni la zambarau likaning'inia ukutani bila mikono, maana hakuja kulijaribu. Tangazo la kwanza likasomwa, kiti chake kitupu. La pili vile vile. Ikaanza minong'ono kisimani na sokoni kwamba mwenyekiti hataibariki ndoa, na kwamba Jumapili ya mwisho atakuja, na atasimama. Mama yangu alipunguza kula. Barafu alikwenda kwao mara kadhaa akaambiwa mama amepumzika. Mara ya mwisho alimwambia akiwa mlangoni kwamba anampenda, na kwamba atanioa. Aliporudi kunisimulia, macho yalikuwa mekundu. Barafu huyo!

Leo tukaingia misa ya pili. Na mama mkwe huyo, benchi la mbele, amenyooka kama mshumaa. Sikusikia injili, Mungu anisamehe. Baada ya komunyo Paroko akasoma majina yetu, akasema kama kawaida kwamba mwenye kujua kizuizi chochote afike ofisini.

Mama mkwe akasimama.

Kanisa zima likageuka. Mkono wa Barafu ukawa wa baridi kweli kweli ndani ya wangu. Nyuma yangu nikamsikia Mama akisema, “Yesu wangu.”

“Mama Mwenyekiti,” Paroko akasema taratibu, “nimesema ofisini.”

“Ofisini ni mbali, Baba, na mimi miguu inaweza kubadili nia.” Akageukia watu. “Mmesikia kwamba nina kizuizi. Kilikuwepo. Kizuizi kilikuwa mimi. Kimeondoka.”

Akakaa! Mama Mdogo, akakaa tu, akafungua kitabu cha nyimbo kana kwamba hajasema kitu! Mama Pacha, ambaye hajui kujizuia, akapiga kigelegele, kanisa likalipuka, na Paroko akawa anapunga mikono watu watulie huku anacheka mwenyewe. Barafu wangu alilia mbele za watu. Mimi nilikuwa ninaruka, kweli, ninaruka ndani ya kanisa kama mtoto.

Tulipotoka alinivuta pembeni, palipoegeshwa baiskeli. Akanieleza jambo ambalo hata Barafu halijui lote, naye ameniruhusu nikuambie wewe. Yeye mwenyewe alijaribiwa. Alichukuliwa kwenda kukaa kwa wakwe bila harusi, mpaka azae. Mimba ya kwanza ikatoka, akarudishwa kwao na sanduku lake, mchana kweupe, majirani wanaona. Akaitwa tena baadaye, na alivishwa pete pale tu tumbo la mimba ya Barafu lilipoonekana. Alisema aliposikia maneno ya nesi kuhusu kiatu, alijiona yuko njiani na lile sanduku. “Miaka yote hii nilidhani nimesahau,” akasema, “kumbe nilikuwa nakusubiri wewe nikubebeshe.”

Nilimshika mikono. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwuliza, “Mama, na tukikosa mtoto?”

Alinyoosha ukosi wake. Kisha akajikaza, akawa tena mwenyekiti.

“Mkiwa wawili, mtakuja kula kwangu wawili. Mkiwa sita, nitaongeza maji kwenye sufuria. Mimi ninachotaka ni kuwaona mmekuja.”

Basi, Mama Mdogo, njoo. Njoo hata kama goti halijapona, tutakukalisha mbele. Nisalimie Baba Mdogo, binamu zangu wote wawili, na yule bibi wa nyumba ya jirani anayekuletea magazeti. Mama anakusalimu na anasema uje na sauti yako, maana kwaya imepungukiwa.

Mungu akulinde safarini, akufikishe kwetu ukiwa na nguvu za kucheza mpaka viatu vitoboke.

Ni mimi wako nikupendaye sana, mwanao,

Fundi, bibi harusi mtarajiwa