Upande Wetu wa Daraja

Gaya, Niger, 9 Septemba 2023

Mwanangu Rakiya,

Salamu kwanza. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua. Wewe na hiyo mimba mnaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu simu yako hupokelewa na mumeo, na mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Hata jina lake silitaji, unajua.

Vitunguu vyangu vinaozea kwenye lori hapa karibu na daraja. Jumuiya ya nchi zetu za Afrika Magharibi imetufungia mpaka, kisa wanajeshi wamepindua serikali. Mimi nimempindua nani? Kijitabu cha kusafiria cha jumuiya nilichovukia tangu usichana, leo nafunikia mtungi. Lakini kwetu binti hujifungua mimba ya kwanza nyumbani kwa mamake. Mwezi wa saba wa mimba ukitimia, njoo. Wakubwa hao watakuwa wamechoka kununa.

Mama yako

Malanville, Benin, 2 Januari 2024

Inna,

Nakuamkia, mama. Mgongo umepoa? Mimi nimevimba miguu tu.

Juzi tuliambiwa mpaka umefunguliwa. Nikafunga mzigo, mume wangu Sumaila akanisindikiza hadi katikati ya daraja. Kumbe ni upande wetu tu, wenu bado! Askari wa upande wenu akacheka: "Dada, wao wamemaliza kununa, sasa zamu yetu." Nilirudi nalia njia nzima. Mto umejaa, na Sumaila hataki nipande mtumbwi na tumbo hili. Njoo wewe, Inna.

Mwanao

Gaya, 7 Januari 2024

Rakiya,

Salamu. Mgongo haujambo.

Nije nilale chini ya paa la mkwe, anisikie nikikoroma? Gaya nzima itanicheka mpaka kaburini. Nimempa Seyni wa mtumbwi, huyu anayetuvushia barua, majani ya mwarobaini ya kukukanda ukishajifungua. Mama mkwe wako ana mikono, atakukanda.

Mama yako

Malanville, 30 Januari 2024

Inna,

Hujambo? Mimi si mzima sana. Mama mkwe ananitunza, sina la kumlaumu. Lakini naogopa, Inna, naogopa kweli. Majani yametosha. Nakutaka wewe.

Mwanao

Malanville, 3 Februari 2024

Rakiya,

Sikuulizi hali, nitaiona mwenyewe.

Nimelowa mpaka kiunoni, na Seyni amenicheka mto mzima, eti mama wa vitunguu anaogopa maji. Wakubwa wafunge na kufungua watakavyo, mtoto hasubiri kikao chao. Barua hii Seyni anakuletea kutoka hapa mlangoni kwenu. Mimi niko nje, nimejifunika uso. Mwambie Sumaila, naam, nimemtaja, atokee mlango wa uani ili nami niingie kwa huu wa mbele.

Mama yako